Saa ya kuazima

Ndugu wasikilizaji, leo nawaletea historia ya jambo linaloonekana dogo: kufanya kazi kwa saa itokayo nje.

Wazee wetu hapa Singida walifuata jua. Hesabu ya saa za Kiswahili bado inalifuata: saa moja asubuhi huja baada ya mapambazuko. Lakini kila mji una jua lake. Singida iko karibu digrii 4 na nusu magharibi ya Dar es Salaam, na kila digrii ni dakika 4. Kwa hiyo jua la utosi hufika kwetu dakika 18 baada ya kufika pwani.

Tofauti hiyo haikumsumbua mkulima wa mtama. Kisha likaja gari moshi. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani, ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914, ikipitia Manyoni na Itigi. Treni mbili zikitumia njia moja kwa saa mbili tofauti, huo ni msiba. Reli haina budi kuwa na saa moja.

Baadaye ikaja redio. Mwaka 1924 BBC ya Uingereza ilianza kurusha milio sita ya saa kutoka Greenwich. Kwetu, Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Mimi mtangazaji naijua dhamana hiyo: nikikosea saa, nawakosesha wengi.

Jambo hilohilo limo ndani ya mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo katika chipu moja, kama ile iliyomo kwenye mita ya LUKU. Chipu haina haraka wala uvivu. Husubiri mdundo wa umeme. Ile ya 8051, iliyotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1980, hupiga hatua moja kila midundo 12. Ikipewa midundo milioni 12 kwa sekunde, hupiga hatua milioni moja.

Kwa kawaida mdundo hutoka kwenye kipande cha kwatsi kilicho kando ya chipu. Lakini vipande viwili havilingani kabisa. Vikipishana kwa sehemu 20 tu katika milioni, vitaachana karibu sekunde 2 kwa siku. Ndiyo maana chipu zinazopaswa kwenda sambamba huondolewa kwatsi zao, zote zikalishwa mdundo mmoja kutoka nje. Fundi ajue pia mlango wake: katika 8051 za kwanza mdundo uliingilia mguu uitwao XTAL2, katika zile za CMOS zilizofuata, huingilia XTAL1.

Hasara yake ni moja, nayo ni kubwa. Mdundo ukikatika, chipu zote husimama. Kwa sababu hiyo chipu nyingi za baadaye zimewekewa saa ndogo ya ndani. Haina usahihi sana, lakini nyingine huusikia ukimya wa nje na kushika kazi zenyewe.

Ndugu wasikilizaji, umoja unahitaji mdundo mmoja, na busara inahitaji akiba. Saa ya taifa letu hufuata digrii 45 mashariki, hivyo kwa wastani jua la utosi hapa Singida hufika saa sita na dakika 41. Tuifuate saa ya taifa, lakini tuwafundishe watoto kusoma kivuli.