Safari ya Kilwa Kisiwani na Nchi ya Mikoko

Wanafunzi wa madarasa ya watu wazima, nanyi ndugu zetu wa Mgori, sogeeni karibu na redio. Mwenye karatasi hii mkononi na afuate maneno kwa kidole, taratibu. Likikushinda neno, liwekee alama, umwulize mwalimu tukimaliza.

Leo twasafiri. Hatuendi Ulaya wala Bara Hindi, twakwenda Kilwa, katika nchi yetu wenyewe. Ukitoka Mgori utafika Singida mjini, utapanda basi, utapita Dodoma na Morogoro mpaka Dar es Salaam. Hapo utageukia kusini. Zamani mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na mvua za masika zikizidi, abiria walilala njiani. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na sasa basi lapita juu ya mto, isipokuwa mvua ikibomoa barabara yenyewe, kama ilivyotokea mwaka 2024. Mwisho wa safari ya gari ni Kilwa Masoko. Mbele yako ni bahari, na ng'ambo ya mkondo wa maji kiko kisiwa. Hicho ndicho Kilwa Kisiwani.

Kabla hujapanda dau, tazama miti iliyosimama ndani ya maji. Wewe umezoea miombo ya msitu wa Mgori. Tena wayajua maziwa ya Singidani na Kindai, ambayo maji yake yana chumvi, wala hakuna mti unaoota ndani yake. Basi utauliza, miti hii ya pwani yaishije? Hii ndiyo mikoko. Iko ya namna nyingi, na watu wa pwani huipa kila mmoja jina lake: mkoko wenyewe, mkandaa, msinzi, mchu, mlilana. Mingine ina mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, na mingine huchomoza mizizi juu ya tope kama vidole, ili ipate hewa. Kwani maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Yakijaa, huona majani tu. Yakipwa, waweza kutembea chini ya miti hiyo, ukiokota kaa na kome, tope likikufika magotini.

Kumbuka jambo hili la kujaa na kupwa, kwa maana limo katika hadithi ya mji.

Hadithi yenyewe iliandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Yasema kwamba mtu mmoja, Ali bin Hasan, alikuja kwa jahazi kutoka Shiraz, nchi ya Uajemi, ambayo leo yaitwa Iran. Alimkuta mwenye kisiwa, mtu wa bara, akamwomba amwuzie. Mwenyewe akakubali, ila alitaka nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Ali akazitoa. Baadaye yule mwenye kisiwa alitaka kurudi kukinyang'anya, naye alikuwa akingoja maji yapwe avuke kwa miguu. Ali akakichimba kivuko, kikawa na kina kirefu, na tangu hapo kisiwa hakivukiki bila chombo.

Hadithi nzuri, lakini ifikirini. Nguo za kuzunguka kisiwa kizima! Na ni nani aliyeandika? Ni watu wa ukoo uliotawala. Kila ukoo hupenda kueleza jinsi ulivyopata ardhi kwa haki. Ninyi mliosikia mashauri ya mashamba mbele ya wazee mwalijua hilo kuliko mimi.

Basi wataalamu walichimba. Mzungu aitwaye Neville Chittick alifanya kazi hiyo miaka mingi, hata katikati ya miaka ya 1960. Chini kabisa, chini ya nyumba za mawe, walikuta nyumba za miti na udongo, vyungu vya kienyeji, mabaki ya ufuaji wa chuma, shanga za makombe, na mifupa ya samaki. Kumbe watu walikaa hapo tangu karne ya 9 hivi, kabla ya sultani yeyote. Mwaka 2023 wataalamu wengine walitangaza habari ya mifupa ya watu waliozikwa zamani katika miji ya pwani, Kilwa ikiwamo. Waliona kwamba upande wa mama asili yao karibu yote ni ya Afrika, na upande wa baba wengi walikuwa na asili ya Uajemi, nao walianza kuchanganyika kama mwaka 1000. Kwa hiyo hadithi si uongo mtupu. Wageni walikuja kweli. Lakini walikuja katika nyumba yenye wenyewe, wakaoa humo, na watoto wakasema lugha ya mama zao, nayo ndiyo hii unayoisoma sasa.

Utajiri wa Kilwa ulitoka wapi? Ulitoka kwenye upepo na dhahabu. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi, ikaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi huvuma kuanzia Aprili, ikayarudisha. Dhahabu ilichimbwa mbali, katika nchi iitwayo leo Zimbabwe, ikateremshwa bandari ya Sofala, na Kilwa ikaushika mlango wa biashara hiyo. Sarafu ya Kilwa imeokotwa katika magofu ya Great Zimbabwe. Nyingine zimeokotwa mwaka 1944 katika kisiwa kimoja kaskazini mwa Australia. Namna zilivyofika huko haijulikani mpaka leo.

Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14, alijenga Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane. Yeye huyo aliupanua Msikiti Mkuu. Mawe yake ni matumbawe ya baharini, na chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni. Boriti za dari zilikuwa za miti. Mwaka 1331 alifika msafiri Ibn Battuta kutoka Morocco. Aliusifu mji, na alimsifu sultani kwa ukarimu: maskini mmoja alimwomba nguo alizovaa, naye akazivua akampa.

Mwaka 1500 Wareno waliona mji huo. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliutoza kodi kwa nguvu ya mizinga. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka na kuupora, akajenga ngome. Hata hivyo dhahabu haikuwafuata, na mwaka 1512 waliondoka. Biashara ilikuwa imekwisha kuvurugika.

Halafu ikaja biashara mbaya zaidi. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alipatana na sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa riali 20. Walipelekwa visiwa vya Wafaransa kulima miwa. Karne iliyofuata soko likahamia Kilwa Kivinje, barani, nako misafara ilifika ikitoka pande za Ziwa Nyasa. Haifai kuyasifu majumba ya pwani na kuyanyamazia mambo haya.

Sasa turudi kidogo kaskazini, penye mdomo wa Rufiji. Hapo mto hugawanyika mikono mingi, na mikoko ni zaidi ya hekta 50,000, msitu mkubwa kuliko yote ya namna hiyo Afrika ya Mashariki. Mkoa wa Singida una sehemu yake humo. Maji ya Mgori hayafiki, lakini mto Kizigo wa kusini mwa Manyoni huingia Ruaha Mkuu, na Ruaha huingia Rufiji. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia boriti za mikoko kupeleka Arabuni, kwani huko miti ni haba. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha katikati ya mikoko hiyo, na Waingereza walihangaika miezi mingi. Ikaangamia humo tarehe 11 Julai 1915.

Mwaka 2004 nchi hiyo ya Rufiji, Mafia na Kilwa iliandikwa katika orodha ya maeneo ya maji yanayolindwa na mataifa, kwa mapatano yaliyofanywa mwaka 1971 katika mji wa Ramsar, huko huko Iran. Na mwaka ule ule wa 2004 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyokuwa urithi wa dunia tangu 1981, yalitiwa katika orodha ya mali iliyo hatarini. Mawimbi yalikuwa yakila ufuko na kuzitikisa kuta. Wapi hasa? Mahali ambapo mikoko ilikuwa imekatwa. Mti unaovunja nguvu ya wimbi ulikuwa umekwenda kuwa kuni na boriti.

Watu wa kisiwani wakaanza kupanda tena. Walitia miche ya mikoko topeni, na kuta zikatengenezwa. Mwaka 2014 magofu yalitolewa katika orodha ile ya hatari. Ninyi wa Mgori, mliopatana vijiji vyenu kuulinda msitu wenu katika miaka ya 1990, mwajua mapatano ya namna hiyo hugombewa vipi mkutanoni: nani akate, nani asikate, na mwenye kuvunja atozwe nini. Kisiwani nako mvuvi ataka mti wa nyumba, na mpishi wa chokaa ataka kuni.

Ukifika, nenda ukiwa na subira. Maji yakipwa sana, dau haliwezi kufika karibu na nchi kavu. Utavua viatu, utashuka topeni, utapita kando ya miche hiyo mpaka chini ya ukuta wa Gereza.