Njuka

Wadau, jana kwenye kipindi cha historia ya elimu nilibaki mdomo wazi. Rugby, Uingereza, kuanzia 1828: mwalimu mkuu Thomas Arnold aliwategemea wanafunzi wakubwa kuwasimamia wadogo, na wadogo walikuwa watumishi wao. 1925 Waingereza wakafungua shule ya Tabora kwa watoto wa machifu, wakiiga shule zao za bweni.

Mimi nikiwa njuka niliamshwa saa kumi alfajiri nimchotee kaka wa kidato cha nne maji. Nikichelewa, makofi. Nilidhani kosa ni langu, kumbe mzigo ulitoka mbali!

Ila nakiri: nilipofika kidato cha nne, na mimi nilituma njuka wangu. Hiyo siwezi kumsingizia Arnold. Mwezi wa saba naenda kufundisha kwa mazoezi. Tutaonana bwenini.