Maumivu Yasiyo na Jeraha: Habari Kutoka Sumbawanga

Jina la Sumbawanga hutajwa huku pwani kwa mzaha uliochanganyika na uoga. Mtu akisema anahamishiwa huko, wenziwe humuuliza amejikinga na nini. Lakini wenyeji wa Ufipa hulifasiri jina hilo kuwa ni "tupa uchawi". Sikio la mtu wa pwani halina haja ya mkalimani hapo, kwani sisi nasi mchawi wa usiku humwita mwanga, na wakiwa wengi, wanga. Basi mji tunaouogopa umebeba jina la kuukataza uchawi!

Nayaleta haya kwa sababu ya maradhi fulani. Mtu hulala usiku kucha, akaamka amechoka kama aliyekuwa akilima. Shingo, mabega, kiuno na mapaja yote yanauma. Hana homa, hana uvimbe, wala kipimo cha damu hakionyeshi kitu. Madaktari huyaita faibromayalgia. Lakini sehemu nyingi za Tanzania, bara na pwani, maelezo yake yalikuwapo zamani: wachawi wamemtoa kitandani wakamlimisha shamba lao hadi alfajiri. Tusiicheke upesi itikadi hiyo. Aliyeitunga aliona sawasawa kwamba usingizi usioburudisha na maumivu yasiyo na jeraha huandamana. Alipokosea ni pale alipoanza kumtafuta mwenye hatia.

Na kosa hilo limewagharimu watu. Katika miaka ya 1930 ilitoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo, harakati ya mchape, ambayo watu wake walipita vijijini wakiwanywesha wanakijiji dawa ya kuukomesha uchawi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 harakati ya namna hiyo, kamchape, iliingia Ufipa, na Roy Willis, mtaalamu wa Kiingereza aliyekuwa akichunguza maisha ya Wafipa, aliandika habari zake mwaka 1968. Vijana ndio waliokuwa mbele, na wazee ndio waliotuhumiwa. Sheria ya Uchawi ilikuwapo tangu 1928, nayo humwadhibu hata mwenye kumsingizia mwenzake uchawi. Lakini sheria haimfikii mgonjwa anayegeuka ubavu huu na huu saa nane za usiku, akikumbuka ni jirani gani aliyemtazama vibaya.

Ama matabibu, wao nao walichukua muda mrefu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alitaja katika al-Qanun aina 15 za maumivu, miongoni mwazo maumivu ya uchovu. Mwaka 1904 William Gowers wa London aliyapa maradhi ya misuli jina la faibrositisi, akidhani pana uvimbe ndani. Uvimbe ukatafutwa usionekane. Kisha mwaka 1975 Hugh Moldofsky na wenziwe, huko Toronto, wakawalaza watu wazima wa afya na kuwasumbua kwa kelele kila walipozama katika usingizi mzito. Baada ya siku chache watu hao, ambao hawakuwa na ugonjwa wowote, wakaanza kulalamika miili kuuma. Naam, hapakuwa na shamba wala jembe. Usingizi ulioibwa ulitosha.

Mwaka 1990 madaktari wa Marekani waliweka kipimo cha kubonyeza sehemu 18 za mwili, na 11 zikiuma ugonjwa ukathibitika. Mwaka 2010 wakatoa kipimo kisichohitaji kubonyeza, kinachouliza pia habari za uchovu na usingizi. Leo hufahamika kuwa ubongo na mishipa ya fahamu huyapaza maumivu, kama redio iliyofunguliwa sauti kupita kiasi. Maradhi haya hayali viungo, wala hayana dawa ya kuyaondoa kabisa. Kinachosaidia zaidi ni kutembea kidogo kila siku na kuongeza polepole, kulala na kuamka kwa saa zile zile, kuacha chai ya rangi na kahawa jioni, na pengine kidonge cha usiku atakachoandika daktari. Huko Ufipa juu, ambako Juni na Julai baridi huukaza mwili, maji ya moto kabla ya kulala si anasa.

Wengi wa wagonjwa hawa ni wanawake, na ndio hao hao wanaoamka kabla ya watu wote kuwasha moto na kuteka maji. Waulize, watakuambia: kabla ya kuitwa waliorogwa, waliitwa wavivu.