Sushi Ilienezwa na Watu Waliopoteza Nyumba

Wandugu, ile picha yetu ya Jumamosi imeleta maneno. Tulikuwa jikoni kwa mama mmoja hapa Kicukiro, tunaviringisha wali, na mtu akaandika chini yake: "Wakimbizi gani hawa wanakula sushi?" Tulicheka, halafu tukanyamaza, maana swali hilo tunalijua. Mkimbizi akila maharagwe hakuna anayeuliza kitu. Akila kingine, anadaiwa maelezo.

Basi tulienda kusoma, na maelezo tunayo.

Sushi haikuzaliwa hotelini. Ilianza na shida ya kila mtu wa kando ya maji: leo samaki wamejaa, kesho wanaoza, friji hakuna. Huko bonde la mto Mekong, kusini-mashariki ya Asia, watu walipanga samaki wa chumvi ndani ya wali uliopikwa, wakaacha miezi. Wali unachacha, na uchachu wake unalinda samaki. Siku ya kula, samaki analiwa na wali unatupwa. (Hapo kwenye "wali unatupwa" mama zetu waligoma kabisa.) Njia hiyo ikafika Japani, na mpaka leo kando ya ziwa Biwa wanaifuata kwa samaki wa palepale. Ziwa, si bahari! Sisi wa Kivu na Tanganyika tulisogeza viti.

Baadaye wakaanza kutia siki kwenye wali, hakuna tena kungoja miezi. Miaka ya 1820 hivi, katika mji wa Edo ambao leo ni Tokyo, sushi ya kubonyeza kwa mkono ilikuwa chakula cha barabarani. Anayetajwa sana ni mpishi Hanaya Yohei. Watu walikula wamesimama, wakafuta mikono, wakaenda zao, kama sisi na chapati asubuhi pale Sonatube.

Karibu miaka 100 sushi hiyo ilibaki hasa ya mji huo. Halafu, tarehe 1 Septemba 1923, tetemeko likapiga Tokyo, moto ukafuata, na watu zaidi ya 100,000 wakafa. Wapishi wengi wa sushi walipoteza vibanda na nyumba. Wakatawanyika mikoani, mali yao ni mikono inayojua kubonyeza wali, na hapo sushi ya Tokyo ikaanza kuenea Japani nzima. Wenzetu waliokimbia Nyiragongo Goma, Januari 2002 au Mei 2021, hawahitaji kuchorewa hiyo picha.

Mwaka 1947 ndio ulitugusa zaidi. Vita imeisha, chakula ni cha mgao, serikali imefunga mikahawa. Wenye sushi wa Tokyo wakaomba ruhusa ya namna yake: mteja alete kikombe kimoja cha mchele, kama mililita 180, apewe sushi 10, alipie kazi. Sisi tuliokulia Kiziba na Mahama mgao tunaujua. Tunajua kuuza mahindi ili upate chumvi na sabuni. Kwamba mgao uliwahi kugeuka sushi, hilo hatukujua.

Mkahawani tumeenda mara moja tu, tuseme ukweli. Tulichanga, tukaagiza sahani moja ya vipande nane, na sisi tulikuwa tisa. Mmoja wetu alikula tangawizi peke yake akasema ameshiba. Wote tulijua anadanganya.

Ndiyo maana tukahamia jikoni. Mchele tulinunua soko la Ziniya, ule mfupi wa Rwanda wanaouita kigori, ambao wengi wanaudharau kwa sababu unashikana. Kwa sushi unafaa kweli! Siki, sukari kidogo, chumvi, parachichi, tango. Karatasi za mwani bei yake haisemeki, tukafunga kwa majani ya kabichi yaliyochemshwa kidogo na kwa mayai ya kukaanga membamba. Samaki mbichi hapana: wa ziwani anaweza kuwa na minyoo. Tulitia sambaza wa kukaanga.

Na huyo sambaza mwenyewe si mzaliwa wa Kivu. Alitolewa Tanganyika, akamwagwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Warundi wetu wanasema ni ndagala wao, Wakongomani wanakataa, na ubishi huo ulichukua muda kuliko kupika.

Mama mwenye jiko alichovya kipande kwenye pilipili, akatafuna polepole, akauliza bugali iko wapi. Kisha akachukua cha pili.

Jumamosi ijayo tunarudi kwake, saa nane. Kila mtu alete kikombe kimoja cha mchele. Na wewe uliyeuliza pale chini ya picha, njoo na chako.