Fedha za Serikali na Nyumba za Watu wa Nairobi



Pamoja na hesabu za chama, mwaka huu twaona vema kueleza habari za fedha nyingine, yaani zile zilizotolewa kwa makazi ya watu wa Nairobi. Maana kila mpango mpya uletwapo husemwa kuwa ni wa kwanza, na sivyo.

Pumwani ilipopimwa viwanja mwanzoni mwa miaka ya 1920, Baraza la Mji lilitoa ardhi, na watu wakajijengea nyumba za udongo kwa fedha zao. Pombe iliuzwa na Baraza lenyewe, na faida yake ikaingia katika mfuko wa ustawi wa Waafrika. Basi hata mlevi alikuwa mfadhili, ingawa hakuna jumba lililoitwa kwa jina lake.

Mwaka 1939 kijiji cha Pangani kilibomolewa, na wenyeji wake wengi wakahamishiwa Shauri Moyo. Nyumba za huko zilikuwa imara zaidi, hatukatai. Lakini zilikuwa mali ya Baraza. Wengi waliokuwa na nyumba Pangani walifika Shauri Moyo hawana nyumba ya kuwarithisha wana wao.

Kisha Uingereza ikapitisha sheria ya maendeleo na ustawi wa makoloni mwaka 1940, ikaahidi pauni milioni 5 kila mwaka. Ile ya 1945 ikatenga milioni 120 kwa miaka 10, kwa makoloni yote. Katika miaka hiyo ya 1940 zilijengwa Ziwani na Kaloleni. Kaloleni, yenye nyumba za mume, mke na watoto, ilikiri jambo lililokataliwa muda mrefu, kwamba Mwafrika ana jamaa mjini. Hata hivyo aliendelea kuwa mpangaji.

Baada ya Uhuru, Dandora ilianzishwa mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: viwanja 6,000 vyenye maji na choo, vyumba ajenge mwenyewe. Hapo mtu wa kipato kidogo aliweza kupata kiwanja kwa jina lake, japokuwa wengine waliviuza kwa wenye uwezo.

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024 iliweka makato ya asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri kutoa kiasi hicho hicho. Twapendekeza Halmashauri yetu iandike kwa wizara, iulize nyumba hizo zitaandikwa kwa jina la nani, na kwa masharti gani, kabla mwanachama yeyote hajatia sahihi.