Kabla ya penseli, vidole

Wiki iliyopita mpwa wangu wa miaka minne alirudi kutoka chekechea vidole vimevimba. Kosa lake? Anashika penseli kwa ngumi, kama anashika mchi. Mwalimu kamrekebisha kwa rula. Nilipokwenda kuuliza nikajibiwa, "Samaki mkunje angali mbichi." Nikakosa la kusema, nikarudi nyumbani kusoma. Wadau, niliyoyakuta ni haya.

Jina la Montessori tunaliona kwenye mageti ya chekechea nyingi, lakini wangapi tunajua kuwa ni la mtu? Maria Montessori alikuwa daktari, alihitimu Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1896. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto San Lorenzo, mtaa wa walalahoi wa Roma, kwa watoto ambao wazazi wao walishinda kazini.

Mama huyu hakuanza na penseli. Aliwapa vipande vya mbao vyenye vishikio vidogo juu, wavichomoe na kurudisha kila kimoja kwenye tundu lake. Mtoto anadhani anacheza, kumbe kidole gumba, cha shahada na cha kati vinazoea kushirikiana. Vitatu hivyo hivyo ndivyo vinavyoshika penseli! Kisha akakata herufi za karatasi ya msasa, watoto wakazipitia kwa vidole kama wanaoandika.

Siku moja wakiwa juu ya paa, alimpa mtoto wa miaka kama mitano chaki achore bomba la moshi. Mtoto akachora, kisha akashangilia kwamba anaweza kuandika, akaandika pale pale sakafuni. Neno lake la kwanza lilikuwa "mkono", kwa Kiitaliano. Hakuwa amefundishwa kuandika. Mkono ulikuwa tayari.

Methali ya mwalimu naikubali. Lakini samaki hukunjwa kwa mkono, taratibu. Ukimpiga, anapondeka.

Siku hizi jioni mpwa wangu anachambua maharage na bibi yake, punje moja moja. Penseli nimemkatia kipande kifupi, ngumi haipati pa kukaa. Bado anakosea, ila halii tena akiona daftari. Jumatatu narudi kwa mwalimu, safari hii nina la kusema.

Wenye watoto, wenu wanashikaje? Karibuni tujadili.