Nchelenge: Daktari wa dharura kati ya kipindupindu na malaria kali

Hospitali ya St. Paul's iko Kashikishi, wilayani Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru upande wa Zambia. Wagonjwa hutoka vijiji vya wavuvi, visiwa vya Kilwa na Chisenga vinavyofikiwa kwa boti, na makazi ya Mantapala, yaliyofunguliwa mwaka 2018 kwa wakimbizi wa Kongo.

Luapula ni miongoni mwa mikoa ya Zambia yenye malaria nyingi zaidi, na kipindupindu nacho huzuka, kama ilivyokuwa mwaka 2023. Mtoto mwenye ugonjwa wowote kati ya hiyo miwili huweza kufikishwa akiwa na hali ileile: mikono baridi, mapigo ya moyo ya kasi, fahamu zikififia. Hata hivyo tiba zake zinapingana, na kuzitenganisha ndiyo kazi ya kwanza ya daktari wa dharura.

Mwenye kipindupindu amekaukiwa. Macho yamezama, ngozi ya tumbo ikifinywa hurudi polepole. Jibu la maabara halisubiriwi: mtoto aliyepita mwaka mmoja, mwenye kilo 10, huwekewa dripu ya lita 1 kwa saa 3, mililita 300 za mwanzo zikiingia ndani ya nusu saa.

Mwenye malaria kali mara nyingi amepungukiwa damu: viganja vyeupe, kuhema kwa shida. Zamani naye alimiminiwa maji kwa kasi. Utafiti wa FEAST, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 waliokuwa na homa kali na kuchapishwa mwaka 2011, ulibatilisha desturi hiyo. Katika saa 48, walifariki takriban watoto 10 hadi 11 kati ya kila 100 waliomiminiwa maji, na 7 kati ya 100 ambao hawakumiminiwa. Waliokuwa wakiharisha hawakuhusishwa. Mtoto huyu huhitaji sindano ya artesunate, sukari ikiwa imeshuka, na damu, ambayo haidumu kwenye jokofu zaidi ya wiki chache na haitoki kiwandani.

Kwa hiyo mama huulizwa mapema iwapo mtoto ameharisha. Nchelenge swali hilo huja aghalabu kwa Kibemba, ilhali wakazi wengi wa Mantapala husema Kiswahili. Kuitikia tu kwa adabu ni hatari. Mzazi aombe mkalimani, na aseme hata kabla ya kuulizwa: mtoto ameharisha au la, alikojoa lini, na amepewa dawa gani njiani.